SGR ikifika Kigoma, ile treni ya zamani ya abiria ibaki au ipumzishwe?

Baba Watatu:
Wadau habari za jioni. Kuna hesabu napiga hapa nikaona niilete kwenu maana inanihusu mimi na wengi wetu. Mwisho wa mwaka natakiwa nipeleke familia Kigoma, mimi, mama watoto na watoto wa miaka 3, 7 na 11. Kwa nauli zile LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, walizotangaza 2024, SGR, yaani reli mpya ya umeme, Dar mpaka Dodoma daraja la kawaida mtu mzima ni 31,000, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya hapo bure. Kwahiyo kijiji chote 93,000, na saa tatu na ushee mko Dodoma. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza Dodoma. Bado Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Uvinza ndio uione Kigoma, na kwenye basi la kuungia mbele mtoto akishakalia siti ni abiria kamili, hakuna cha nusu. Treni ya zamani inakwenda moja kwa moja hata kama inalala njiani, na mtoto ananyoosha miguu.

Sasa swali langu ni la mbele zaidi. Kipande cha SGR Tabora-Kigoma mkataba ulisainiwa 2022, siku moja kitaisha. Nauli ile ilipangwa kwa kilometa, shilingi 69.51 kila kilometa kwa mtu mzima. Dar-Kigoma ni kilometa 1,250 hivi, zidisha mwenyewe, inakuja karibu 87,000 kichwa kimoja. Mkulima wa Kaliua anaitoa wapi? Mimi nasema SGR ije, tena ije haraka, ila treni ya zamani ya abiria ibaki kwa ajili ya asiye nacho. Nyie mnasemaje?

Chuma cha Pua:
Ipumzishwe tu mkuu. Reli ya Mjerumani ya 1914 mpaka leo tunaililia? Hakuna nchi yenye hela ya kuhudumia reli mbili zinazokwenda sambamba, ile ya zamani ibebe saruji na mafuta basi. Kila masika maji ya mto Mkondoa yanakuja pale kati ya Kilosa na Gulwe, tuta linasombwa, abiria wanahamishiwa kwenye mabasi. SGR imepitishwa kwenye mahandaki pale Kilosa, watu wamefikiria. Halafu tuseme ukweli, shida ya ile treni sio mwendo peke yake, ni kukaa siku mbili pua imebanwa katikati ya ndoo za mawese na viroba vya dagaa. Ustaarabu nao una gharama zake.

Binti Ujiji:
Rudia hapo kwenye dagaa.

Chuma cha Pua:
Nimeandika Kiswahili chepesi tu dada.

Binti Ujiji:
Basi nikujibu kwa chepesi hicho hicho. Hao dagaa unaowabania pua ndio wamenisomesha mimi na wadogo zangu. Mama anaanika mwaloni, mtu akienda Dar anapewa kiroba, kikifika kinauzwa, ada inarudi. Hiyo ndio benki yetu wengine na tawi lake lilikuwa behewa la daraja la tatu. Na nina uhakika wali wako wa maharage unakolezwa kwa mawese ya Kigoma ila hujui tu yalifikaje jikoni kwako.

Mnyamwezi Asili:
Nimecheka kwa sauti hapo kwenye tawi la benki 😂😂 Chuma umeyatafuta

Chuma cha Pua:
Hakuna aliyetukana dagaa. Nimesema harufu. Harufu ni harufu hata kama imesomesha profesa.

Kaka Nzega:
Kwa hiyo tuseme treni za watu wa Dar zinanukia marashi? Panda ile ya mjini jioni watu wakitoka kazini halafu uje utusimulie ustaarabu.

Mbaraki:
Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa. Naona mnapigana kuhusu samaki na hapo juu kuna hesabu ya maana imepitwa. Sisi hili limeshatukuta. Madaraka Express, treni yetu ya SGR, ilianza 2017, na mwaka huo huo treni ya zamani ya abiria ya Nairobi-Mombasa ikaachwa. Mwanzoni economy ilikuwa shilingi 700 za Kenya, tukashangilia, baadaye ikafika 1,000, na Januari 2024 ikawa 1,500. Sasa unalinganisha na nini? Reli nyingine haipo, umebaki na basi. Na mkumbuke mkishuka kituo cha Miritini huku Mombasa au Syokimau kule Nairobi bado hamjafika mjini, hapo unatafuta usafiri mwingine. Ukiondoa cha zamani, cha kipya kinajipangia bei. Mimi ningekuwa nyinyi ningeshika hilo la Baba Watatu.

Chuma cha Pua:
Mkuu ya Kenya muachie Kenya. Yenu inatumia dizeli, yetu ni ya umeme, gharama haziwezi kufanana.

Mbaraki:
Nimezungumzia ushindani wewe wanijibu mafuta. Haya.

Binti Ujiji:
Mimi bado namsubiri aombe radhi.

Dokta wa Mitaani:
Ila jamani tusisahau historia, reli hii tulijengewa na Mchina enzi za Mwalimu, kwa undugu kabisa, mpaka Kigoma, watu wakafa porini kwa ajili yetu. Leo tuje tuseme ipumzishwe? Ni kukosa shukrani.

Konda Mstaafu:
Dokta hiyo unayoisema ni TAZARA, inakwenda Mbeya mpaka Kapiri Mposhi Zambia, kilometa 1,860, ilijengwa 1970 mpaka 75, tukakabidhiwa 1976. Haijawahi kuiona Kigoma. Reli ya Kati, hii ya zamani tunayobishania, ameanza Mjerumani Dar 1905, akafika Kigoma 1914, vita hii hapa. Muingereza akaja kuongeza Tabora-Mwanza, ikaisha 1928. Tusichanganye watoto.

Dokta wa Mitaani:
Sawa, lakini kwanini basi wasiziunganishe zote treni moja ipite popote? Ndio tatizo la wataalamu wetu, kila mtu na kareli kake.

Konda Mstaafu:
Haziungani kwa sababu upana ni tofauti mdogo wangu. Ya kati ni milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Kidatu ndio zinapokutana ya kati na TAZARA, na pale mzigo unashushwa huku unapakiwa kule. Gurudumu halijui undugu.

Mnyamwezi Asili:
Gurudumu halijui undugu 😂 hii naiba

Kaka Nzega:
Konda tusaidie basi, wewe uliyekuwa ndani, kweli ile treni haifai watu?

Konda Mstaafu:
Inategemea unamaanisha watu gani. Anayewahi kikao asubuhi Dodoma haimfai, na mimi mwenyewe siku hizi Dodoma nakwenda na SGR. Ila anayehama na familia, godoro, masufuria na kitanda cha besela, huyo mwambie kitu gani? Treni ikifika Saranda usiku au mchana kuku wapo dirishani, mtoto anakula mama hajasimama. Mkifika Tabora mnakaa, kichwa kinakwenda mbele kinarudi nyuma, mara unasikia kishindo, waliolala wanashtuka, wageni wanadhani ajali kumbe wanakata mabehewa, haya ya Mwanza, haya ya Mpanda, haya ya Kigoma. Mwenye akili anashuka anachukua asali na chai ya rangi anarudi. Wapo walioshuka kununua asali wakakuta behewa lao limeshasogezwa laini nyingine, wanakimbia na chupa mkononi wanauliza "Kigoma ipi? Kigoma ipi?" Yote haya yana abiria wake.

Chuma cha Pua:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo unatuuzia utalii. Nchi haiendeshwi kwa kuku wa Saranda.

Konda Mstaafu:
Marahaba. Na haiendeshwi kwa kuona kinyaa.

Binti Ujiji:
🔥🔥🔥

Mama Kibaoni:
Mimi wa Mpanda, nawasoma tu tangu juzi, mnaongea Kigoma Kigoma kama sisi hatupo. Mnajua reli ya Mpanda ni tawi linalotoka Kaliua? SGR ya Kigoma inapita zake, sisi tawi letu linabaki la zamani. Kwahiyo mkiipumzisha treni ya abiria ya Reli ya Kati mmetupumzisha na sisi. Hilo mmelifikiria au mko kwenye harufu?

Kaka Nzega:
Hoja nzito hii. Na mkumbuke ya Moshi. Treni ya abiria ilikufa miaka ya 90, watu wakaambiwa haina biashara, panda basi. Ikarudishwa Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Kumbe abiria walikuwepo muda wote, treni ndio haikuwepo.

Chuma cha Pua:
Sasa naona nimeshakuwa adui wa taifa zima. Ngoja niseme taratibu. Sina shida na Mpanda. Sina shida na mnyonge. Shida yangu ni mizigo kukaa na watu. Mtu analipa kiti kimoja anakalia vitatu, kimoja yeye, viwili viroba, na chini ya miguu yako kuna ndoo ya lita ishirini imefungwa nailoni mdomoni na kamba ya katani, treni ikipiga breki inatema kwenye kiatu chako. Hata huyo dada akimwagiwa hatofurahi.

Binti Ujiji:
Nimeshamwagiwa. Nikafuta. Nikaendelea na safari.

Baba Watatu:
Jamani mimi nilileta swala la nauli. 87,000 kwa kichwa. Kuna mtu amegusa?

Mnyamwezi Asili:
Mkuu uzi umeshahama chama, kuwa mpole

Mbaraki:
Mimi niligusa, nikajibiwa dizeli.

Dokta wa Mitaani:
Ila Chuma hapo kwenye viti vitatu ana pointi. Suluhisho ni rahisi, SGR ya huko iwekewe behewa la vifurushi. Abiria anakaa kistaarabu, dagaa wana behewa lao, kila mtu ameshinda. Nashangaa wataalamu hawajaliona.

Chuma cha Pua:
Hapo tunakubaliana. Tena walipie kwa kilo.

Binti Ujiji:
Nani kakwambia tunataka bure? Tulipishwe kwa kilo, na wewe na begi lako la magurudumu linalojaza njia nzima ulipishwe kwa kilo. Mzani uwe mmoja.

Konda Mstaafu:
Mnaongea kama kupakia ni kubonyeza simu. Treni ya mwendo wa kilometa 160 kwa saa haiwezi kusimama Urambo nusu saa watu wanapandisha viroba, ikichelewa pale inachelewesha inayoisubiri mbele kupishana. Ile ya zamani inasimama kwa sababu ratiba yake imetengenezwa ikijua itasimama. Vifurushi vinataka wapagazi, mzani, karatasi, mtu wa kupokea huko mwisho. Mkitaka behewa kwenye SGR basi vituo vidogo vipokee mzigo jana yake, uwe umepimwa na kubandikwa namba, treni ikiingia ni kusukuma ndani tu. Bila hivyo mtaona kwenye ratiba.

Mama Kibaoni:
Mzigo jana yake? Samaki wabichi?

Konda Mstaafu:
Nimesema dagaa mama, wakavu. Migebuka mibichi inataka barafu, hiyo habari nyingine.

Mama Kibaoni:
Na anayetoka kijijini akafika kituoni treni ndio inaingia, mzigo wake unabaki na yeye anaondoka?

Chuma cha Pua:
Awahi. Ndege watu wanawahi, treni wanashindwaje?

Mama Kibaoni:
Ndege zina watu wangapi wanaotoka Ugalla kwa baiskeli?

Kaka Nzega:
Ndio maana nasema treni zote mbili zibaki, mwenye haraka huku, mwenye viroba huku, tumemaliza.

Chuma cha Pua:
Hatujamaliza, nani analipia hizo mbili?

Kaka Nzega:
Kwani reli ya zamani si umesema inabaki kubeba saruji na mafuta? Tuta lile lile, vituo vile vile. Kuongeza mabehewa manane ya abiria mara chache kwa wiki ndio kutafilisi nchi?

Chuma cha Pua:
Mabehewa yanachakaa, vichwa vinachakaa, na hiyo Gulwe ikisombwa abiria hawasubiri kama saruji.

Binti Ujiji:
Umeona umesema abiria, hujasema wabeba dagaa. Tunaendelea vizuri.

Chuma cha Pua:
Dada wewe una kisirani.

Binti Ujiji:
Na kiroba ninacho. Nikuwekee kilo mbili?

Chuma cha Pua:
Wa kwenye mchanga au waliokaushwa kwenye chanja?

Binti Ujiji:
Chanja. Unajua mambo kumbe. Njoo inbox.

Baba Watatu:
Sawa. Kwa anayejua tu, daraja la pili kulala wa miaka 3 anahesabiwa kitanda au analala na mama yake?

Konda Mstaafu:
Analala na mama. Wa 7 na wa 11 wakatie mapema, Desemba vitanda vinaisha kabla ya viti, na mfungue dirisha mkipita Itigi, joto la mle usipime.