Ada tunalipa dola kama Wazungu, seva hatupewi. Hizi kampuni za gemu zinatuona mazoba?

Wakuu, jana nimetupwa nje ya kikosi tena, bosi, yule adui mkubwa wa kwenye gemu, kabakiza damu kidogo afe. Sababu waliyoniandikia ni neno moja tu: pingi, yaani muda amri yangu inaotumia kwenda kwenye seva na kurudi. Kampuni siitaji jina. Majoka, mapanga, ada ya kila mwezi, mnaocheza mmeshaelewa.

Mimi nacheza mponyaji, kazi yangu ni kuhakikisha wenzangu hawaishiwi damu. Sasa mimi niko Dar, seva, ile kompyuta inayoendesha gemu, iko Frankfurt. Siku njema napata milisekunde 170, ikichafuka inapita 300. Maana yake nikiona damu ya tanki, yule mwenzetu anayesimama mbele kupokea mapigo, imeshuka nusu, hiyo ni habari ya zamani. Nabonyeza, amri nayo inasafiri mpaka Ujerumani, inafika tanki kashalala, na matusi yote yangu. Halafu yale maduara mekundu anayomwaga bosi chini! Kwenye skrini yangu nimeshatoka, nimesimama pembeni kabisa, ila seva bado inanihesabu nimo. Naungua nikiwa nje ya moto. Jamaa wa Berlin anayeniangalia anaona nimezubaa tu.

Msije na somo la fizikia hapa. Najua mwanga kwenye nyaya unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde na Ulaya haisogei. Basi seva isogee! Gemu jingine, Dota 2, wana seva Afrika Kusini miaka mingi. Microsoft walifungua vituo vya data Johannesburg 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020. Hawa wala hawahitaji kujenga, wakodi tu. Joburg si jirani yetu, lakini kuliko Frankfurt?

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu: zima rauta, subiri kidogo, washa. Hawa watu! Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, hata meseji ya WhatsApp ikawa ya kubembeleza, sasa hapo nizime rauta ipi? Na ada ya mwezi ule walikata yote, hakuna hata siku moja ya fidia.

Ratiba nayo kichekesho. Reidi, yaani kikosi kizima kuingia kupigana na mabosi, ni saa 2 usiku kwa saa za Ujerumani. Wakiwa kwenye baridi yao, kwetu ni saa 4, tunamaliza saa 7 usiku na asubuhi kuna bosi wa kweli ananisubiri ofisini. Machi wanasogeza saa zao, reidi inakuwa saa 3. Oktoba wanairudisha. Hili silaumu kampuni, ila tungekuwa na seva yetu tungecheza kwa saa zetu.

Mbrazili analipa kwa pesa ya kwao. Sisi ni dola, juu yake benki inakukata kwa kiwango inachojua yenyewe. Yaani kwenye kulipa sisi ni wateja wa kimataifa, kwenye huduma ni wageni waliodandia seva ya Ulaya.

Mnaocheza kutoka Mombasa, Kigali, Lubumbashi, wekeni pingi zenu hapa chini na mtandao mnaotumia, nataka kuziambatanisha kwenye malalamiko yajayo. Na wewe unayetaka kuandika "nunua VPN", ile huduma ya kupitisha mtandao wako njia nyingine, pita kimya. Nilinunua, pingi ikapanda.