MREJESHO: Tiketi za punguzo za Disneyland Paris

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau: niliuliza hapa pa kupata tiketi za bei nafuu za Disneyland Paris, ile sehemu ya michezo na burudani, maana tulikuwa tunakwenda Ufaransa kwa dada yangu, watu watano, na hesabu ilikuwa inanitoa jasho.

Kwanza kituko. Jamaa alinifuata inboksi na tiketi za "nusu bei", hela itangulie. Nikaomba sampuli. Akatuma tiketi tano, ukizitazama vizuri zote zina namba ya msimbo ileile moja! Nikamblok, sikumjibu hata asante.

Aliyenisaidia ni yule aliyeniambia nifungue kalenda ya bei kwenye tovuti ya Disneyland Paris wenyewe. Kumbe bei inabadilika kwa siku, na tiketi ya tarehe maalumu ni rahisi kuliko ile ya wazi, isiyo na tarehe. Tulikuwa tumepanga Jumamosi, nikahamishia Jumanne, na tofauti niliiona mwenyewe. Pia, kwa kuwa pale kuna bustani mbili za michezo, tulichukua tiketi ya moja badala ya zote mbili. Watoto wenyewe hawakuimaliza hata hiyo moja.

Chini ya miaka 3 hawalipi, 3 hadi 11 wana bei ya mtoto. Kitinda mimba wetu alibakiza wiki mbili kutimiza 3, basi mama yake akawa anatembea na pasipoti mkononi kama mtu anayesubiri kuhojiwa.

Usafiri msihangaike: pandeni RER A, treni ya Paris na vitongoji vyake, shukeni kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée – Chessy. Ukitoka tu, geti hilo hapo.

Asanteni sana, hasa mliosema Jumanne.