Naomba ushauri: yaya wangu (ndugu yangu mukubwa) ana perpetwite (kifungo cha maisha), namna gani ya kuomba libération conditionnelle (kutoka na masharti mbele kifungo kiishe)?

Bandugu jambo yenu, niko hapa Lubumbashi. Yaya wangu alikatiwa perpetwite, sasa anaingia mwaka wa nane ndani ya buloko (gereza), makosa alifanya sikatae, mutu alikufa, na mama wa marehemu tunaishi naye avenue moja, kila tukikutana naye sokoni mi naangalia chini.

Sasa mwenzake mumoja wa mule ndani alimuambia eti kodi penali (kitabu cha sheria ya makosa) inasema mwenye perpetwite akishapitisha miaka 5 anaweza kuomba. Nilienda kuuliza avoka, akasema ni kweli, ila si haki ya kudai, ni Waziri wa Justisi ndiye anasaini, na mbele ya pale parke (waendesha mashtaka) na gardien wa gereza wanatoa avi (maoni) yao. Basi tukaandika barua, tukapeleka, tangu pale kimya. Kila nikienda kufwata dosye (faili) naambiwa iko Kinshasa, juzi mumoja akaniambia niweke "kitu kidogo" ndio itatembea, mi makala nauza, kitu kidogo nitatosha wapi? Tena naogopa nikilipa itaharibu.

Naomba wenye walipitia hii njia: mulifwata dosye namna gani mukiwa mbali na Kinshasa? Na familia ya marehemu, niende kuwaona na wazee kwanza, ao ni kuchokonoa kidonda? Mama yetu amezeeka, kila yumapili anauliza tu "anarudia lini".