Ufunguo wa gari umevunjika ndani: naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Kijana wa Tibirinzi
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Niko Chake Chake na nimekwama. Ufunguo wa gari umenivunjikia. Kichwa cha plastiki kimebaki mkononi na kipande chenye meno kimebaki ndani, nacho kimezama kiasi kwamba ukucha haukifikii. Nimekivuta kwa kibanio na kwa sindano ya cherehani, hakikutikisika. Fundi mmoja ameniambia kwamba dawa yake ni kutoboa kwa drili na kuweka kitufe cha kuwashia. Je, kazi hiyo hudumu, na bei ya haki ni ipi? Ijumaa gari linatakiwa bandarini Mkoani.

Mama Vitongoji
Wa alaykum salaam, mwanangu, pole sana. Marehemu mume wangu alivunjikiwa na ufunguo wa vespa mbele ya skuli, na watu wakamshauri atie gundi kwenye kipande cha mkononi ili kishikane na kile cha ndani. Gundi ikatiririka mpaka kwenye springi, kitasa kizima kikatupwa. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa kuchongesha, wa madini laini. Watu wa siku hizi wanakimbilia rahisi, kisha khasara inawarudia.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Bei iache kwanza. Ni kitasa cha mlango au ni swichi ya kuwashia? Kama ni swichi, imesimama kwenye alama gani, na giri iko wapi? Bila ya majibu hayo, kila ushauri utakaopewa hapa ni wa kubahatisha.

Kijana wa Tibirinzi
Ni swichi, nayo imesimama kwenye ACC, ile alama ya kuwasha redio bila ya injini. Fundi amekwisha kuchomoa waya wa betri ili isiishe. Mimi nauliza habari ya kitufe tu, kwa sababu fundi nimeshampa kianzio, na amenihakikishia kwamba ameshafanya kazi kama hii kwa wengine.

Mama Vitongoji
Gari ni lako, mwanangu? Mwenye gari lake hana haja ya kukimbizana na Ijumaa.

Kijana wa Tibirinzi
Ni la shemeji, mume wa dada yangu. Yuko Maskat, na Ijumaa anashuka Mkoani akitokea Unguja. Aliniachia nilitumie kwa shida za nyumbani, kwa hiyo sikulichukua bila ya ruhusa. Sikutaka kumtia wasiwasi akiwa mbali, na naona akilikuta linawaka vizuri hatakuwa na neno.

Mzee wa Wete
Niwieni radhi, lakini mimi nina shaka na habari hii. Ameanza na ufunguo uliovunjika bila ya kusema wapi, akaulizwa ndipo ikawa swichi, akaulizwa tena ndipo gari likawa la mtu mwingine aliye mbali, na tangu mwanzo anachokitaka ni gari liwake bila ya ufunguo. Nilipata kuibiwa gari, na aliyeiba alianza kwa maswali kama haya kwa mafundi. Tusimfundishe mtu tusiyemjua.

Kijana wa Tibirinzi
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini umenidhulumu. Kichwa cha ufunguo ninacho hapa mezani, na gari liko nje ya nyumba ya dada yangu, majirani wote wanaliona.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Shaka ya Mzee ina msingi, na ndiyo maana habari ya kuunganisha waya za kitufe siielezi. Kukitoa kipande, hata hivyo, hakumsaidii mwizi, kwani kama ufunguo huo ni wa chipu, yaani kidude cha umeme kinachotambuliwa na gari, chipu imo ndani ya kile kichwa cha plastiki, na injini haitawaka kisipokuwa karibu na swichi. Koili, yaani waya uliosokotwa unaoisoma chipu, imeizunguka swichi yenyewe. Drili ikiigusa, kitufe hakitakufaa kitu. Isitoshe, komeo la usukani limeungana na swichi hiyo, na likichezewa vibaya usukani unaweza kujifunga gari likiwa njiani.

Hakitoki kwa sababu swichi haiachii ufunguo mpaka irudi kwenye LOCK, alama ya kufunga, na katika gari za otomatiki hairudi huko giri isipokuwa kwenye P, ya kuegesha. Nimekuuliza giri, hukunijibu.

Kijana wa Tibirinzi
Iko kwenye N, giri huru. Gari lilizimika kwenye mteremko, tukalisukuma pembeni, kisha nikataka kutoa ufunguo, ukawa mgumu. Nilipoukaza ndipo ulipokatika.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Basi rudisha giri kwenye P. Tia bisibisi bapa nyembamba, izungushe swichi taratibu, na unapoivuka ACC isukume ndani kidogo. Meno ya kipande yaliyobaki ndiyo yanayoifungua njia, kwa hiyo usikivute kabla. Ikifika LOCK, puliza mafuta mepesi, kisha pitisha kijisu cha msumeno mwembamba ubavuni, meno yakielekea nje, ukinase na kukivuta. Vipande vyote viwili vihifadhi, kwani mchongaji huvipanga pamoja akapata nakala.

Mzee wa Wete
Hayo ni ya fundi. La kwangu ni kwamba umpigie mwenye gari kabla hujaligusa tena, kwani kutoboa au kutotoboa ni uamuzi wake, wala si wako.

Kijana wa Tibirinzi
Giri imerudi P na swichi imezunguka mpaka LOCK. Kipande bado kimo ndani. Maskat wametutangulia kwa saa moja, shemeji atakuwa ameshatoka kazini; nampigia sasa, na fundi wa drili nimemwambia asije.