Ziara ya kufuata nyayo za Rembrandt mjini Amsterdam: mliowahi kwenda, tupeane uzoefu

Mpwa wa Utrecht (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Shangazi yangu anakuja kunitembelea mwezi wa nne kutoka Moshi. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha sanaa miaka mingi, na ameniomba jambo moja tu: nimpeleke alikoishi Rembrandt, yule mchoraji wa Kidachi wa karne ya 17. Mimi Amsterdam naijua stesheni na maduka, basi. Naona kuna ziara za miguu, mtu anawaongoza mtaa kwa mtaa huku anasimulia maisha ya mchoraji. Nyingine unalipia kabla, nyingine wanasema bure halafu mwisho kila mtu anatoa bakshishi. Je, zinafaa? Mtu wa miaka 67 mwenye goti bovu atamudu? Na kama umewahi kutembezwa kwa mchoraji mwingine, popote pale, karibu useme.

Dada wa Almere

Mpeleke bila wasiwasi, ila tafuta mwongozaji asiyeona haya kuzungumzia hela. Ukisimulia maisha ya Rembrandt ukayaacha madeni yake, umesimulia nusu.

Sisi tulitembezwa na mama mmoja wa makamo, hacheki ovyo, sauti imenyooka. Alitukusanya kwenye uwanja wa Nieuwmarkt mbele ya Waag, lile lango la zamani la mji lenye minara minene. Akaanzia hapo kwa sababu chama cha wapasuaji kilikuwa na chumba chake humo, na ni wao waliompa kijana Rembrandt, aliyetoka Leiden, kazi ya kumchora Dk. Tulp akipasua mkono wa maiti, mwaka 1632. Maiti mwenyewe alikuwa mwizi aliyenyongwa. Picha haipo pale, iko kwenye makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, lakini ukisimama chini ya ile minara unaelewa jinsi kijana mgeni alivyoingia mjini kwa mlango mkubwa.

Kutoka hapo hadi nyumbani kwake Jodenbreestraat ni karibu sana. Aliinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000, pesa ya Uholanzi ya wakati huo, ambazo hakuwa nazo. Akatanguliza kiasi, zilizobaki akaahidi. Miaka ikapita, deni liko palepale, na jamaa anaendelea kuhudhuria minada kununua picha za wenzake, mikuki, kofia za chuma, makombe ya baharini. Mwaka 1656 akafilisika. Makarani wakaingia wakaandika mali yake chumba kwa chumba, vitu 363 kwenye orodha. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na orodha hiyohiyo ndiyo waliyoifuata kuipanga upya. Kwa hiyo deni lililomtoa ndani ndilo linalotufanya leo tujue kiti kilikaa wapi.

Mwambie shangazi aangalie vitanda. Vimejengwa ndani ya ukuta kama kabati, tena vifupi, kwa sababu watu walilala wameegemea mito, nusu wamekaa. Mume wangu ni mrefu, alikitazama kile kitanda akatikisa kichwa tu.

Halafu kuna kanisa la Zuiderkerk hapo jirani. Watoto watatu wachanga wa Rembrandt walizikwa humo kabla hajazaliwa mwanawe Titus mwaka 1641. Mkewe Saskia akafa mwaka uliofuata, mwaka uleule Rembrandt alipoimaliza ile picha kubwa ya walinzi wa usiku. Yule mama hakuongeza neno hapo. Alitusubiri tu mpaka kila mtu alipokuwa tayari kuondoka.

Mzee wa Ilala

Mimi nitakuwa mkweli, nilichoka. Kila kona "hapa palikuwa na", "hapa palikuwa na". Palikuwa na nini, mbona sioni! Nimelipa niangalie duka la simu.

Dada wa Almere

@Mzee wa Ilala hahaa, shikamoo mzee. Una haki kiasi. Ule ulikuwa mtaa wa Wayahudi, na wengi wao walichukuliwa na Wanazi wakauawa. Nyumba zikabaki tupu, zikachakaa, na miaka ya sabini nyingi zikabomolewa kupisha metro mpaka watu wakapambana na polisi pale Nieuwmarkt. Mwongozaji asipowaambia hayo, ni kweli mtaona maduka ya simu tu.

Baba Kalemie

Jambo kwenu wote. Mimi niko Brussels, nilikwenda na vijana wa kanisa letu. Njia nzima kijana mmoja alikuwa na swali lake, tulipofika mbele ya ile nyumba akalitoa: mbona katika hadithi yote hii hakuna mtu mweusi? Nilidhani mwongozaji atajikanyaga. Wapi! Akasema, geukeni mtazame barabara hii. Wakati Rembrandt anaishi hapa, Waafrika walikuwa majirani zake.

Akaeleza vizuri. Katikati ya karne ya 17 kulikuwa na jamii ndogo ya watu weusi huru kandokando ya Jodenbreestraat, mabaharia, askari, watumishi wa nyumbani. Wengine walitoka Angola na Cape Verde, wengine walipitia Brazil, na wapo waliokuja na familia za Wayahudi wa Kireno. Walioana, walibatizana watoto, walizikana, na majina yao yako kwenye madaftari ya mji. Mwaka 2020 ile nyumba ya makumbusho ilifanya maonyesho mazima juu yao. Rembrandt aliwachora, na si kama mapambo ya pembeni. Ile ya wanaume wawili Waafrika, ya 1661, iko Mauritshuis, nayo tuliifuata wiki iliyofuata. Mmoja ameegemea bega la mwenzake, macho yamechoka. Ukikaa Ulaya muda mrefu, sura ile unaifahamu.

Ushauri wangu: uliza kabla ya kulipa kama mwongozaji anaigusa habari hii. Wapo wanaoiruka.

Fundi Rangi

Mie kabla sijaja huku nilikuwa naandika mabango na kupamba matatu Mombasa, kwa hiyo habari za nani alidaiwa na nani zilinipita. Nilingoja tuingie chumba cha kazi. Ghorofani, madirisha makubwa, mwanga wa kaskazini usiobadilikabadilika. Kuna mtu pale huwaonyesha wageni rangi ilivyotengenezwa: unga wa rangi juu ya jiwe bapa, mafuta ya kitani yanadondoshewa katikati, kisha unasaga kwa jiwe la mkononi, unazungusha, unakusanya kwa kisu, unarudia. Nilimwomba nijaribu. Mkono ulikumbuka wenyewe, maana sisi tulichanganya rangi za kopo tukizinyoosha na tapentaini mpaka zikubali kuteleza.

Lakini kilichonikaa ni kombe. Rembrandt ana mchoro mdogo wa mwaka 1650, kombe moja la baharini lenye madoadoa, amelichonga kwenye bati la shaba akalichapa. Mtu wa pwani ukilitazama unahisi lina kasoro, mzunguko unaelekea upande ambao kombe la aina ile halizungukii. Mwongozaji akatabasamu, akasema ni kweli. Chapa hugeuza kila kitu kushoto kulia, na Rembrandt alilichora kama alivyoliona. Cha kuchekesha, sahihi yake aliikumbuka, akaiandika kinyume ili ikichapwa isomeke! Kila aliyewahi kukata stensili atamwelewa huyu bwana.

Binti Ukerewe

Nyongeza kwa mleta mada, maana umesema shangazi. Kaburi la Saskia liko Oude Kerk, na kanisa hilo limekaa katikati ya ule mtaa wa madirisha yenye taa nyekundu. Tangu 2020 manispaa imezuia makundi kupitishwa mbele ya madirisha, hivyo waongozaji wengi husimulia wakiwa mbali au hawafiki kabisa. Mkienda wenyewe, nendeni asubuhi. Mama yangu mimi alipita pale kaangalia mbele tu, kashika mkoba kwa mikono miwili, akaja kuniuliza jioni nyumbani.

Na Rembrandt alikuja kuliuza kaburi hilo mwaka 1662, kwa shida. Nilivyosikia nilitaka kumchukia, sasa sijui.

Kijiwe Msasani

Wakuu, nyie mko mbali huko, ngoja niwarudishe Dar. Sisi wageni wakija huwa nawatembeza kwa Tingatinga. Hakuna ziara rasmi ninayoijua ya nyayo zake, najitembezea tu. Naanzia Morogoro Stores pale Oysterbay, chama cha wachoraji kiko hapohapo na mafundi wanachora mbele yako. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapita mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli, akauza nje ya duka. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka minne tu ya kuchora, na hadi leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Mgeni wangu mmoja Mdachi aliuliza nyumba yake iko wapi, kuna kibao? Nikamwambia wewe nenda Jodenbreestraat, huku kwetu makumbusho ni hawa waliokaa chini wanachora. Ila moyoni liliniuma. Kibao kimoja kinagharimu nini jamani?

Mama Wawili

Mimi nilimfuata Van Gogh, mchoraji mwingine wa Kidachi, hadi Auvers-sur-Oise, nje kidogo ya Paris. Alikaa siku 70 tu hapo mwaka 1890, akajipiga risasi, akafia kwenye chumba alichopanga juu ya mgahawa. Mnapandishwa ngazi, chumba ni kitupu, hakuna hata picha moja. Kisha makaburini, yeye na mdogo wake Theo wako bega kwa bega chini ya majani ya kutambaa. Kijiji kidogo, hakichoshi, hata mwenye goti atamudu.

Mpwa wa Utrecht (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Bado swali la goti. Na Rembrandt mwisho wa maisha yake aliishi wapi? Shangazi ataniuliza, namjua.

Dada wa Almere

Rozengracht, mtaa wa Jordaan, nyumba ya kupanga. Zamani ulikuwa mfereji, sasa ni barabara. Hapo ndipo patamu, mkuu. Wadai walikuwa bado wanamwinda, basi mwaka 1660 mwanawe Titus na Hendrickje, aliyekuwa akiishi naye kama mke, wakaandikisha biashara ya picha na yeye akawa mwajiriwa wao. Kila anachochora ni mali ya kampuni, wadai hawagusi! Mwongozaji wetu aliposema hivyo, Waswahili tulicheka wa kwanza. Hendrickje akafa 1663, Titus 1668, yeye Oktoba 1669. Akazikwa kanisa la Westerkerk, kaburi la kukodi lisilo na jina. Kilichopo ni kibao cha ukutani tu, cha mwaka 1906.

Kuhusu goti: ziara huchukua saa mbili hadi tatu, mawe ya barabarani hayana huruma na baiskeli ndiyo kabisa. Lipia ziara ya upande wa Nieuwmarkt na Jodenbreestraat peke yake. Tiketi ya makumbusho mara nyingi haimo, nunua kabla mtandaoni, na ndani kuna ngazi nyembamba za kuzunguka, apande polepole. Upande wa Westerkerk nendeni siku nyingine, tramu 13 au 17 kutoka Dam inawashusha mbele ya kanisa. Zile za "bure" si mbaya, lakini kundi huwa kubwa na shangazi hatasikia. Afadhali ulipe.

Fundi Rangi

Na akitaka kusaga rangi, aseme mapema. Wanakubali.