Kukata faili la GB 11 lipite kwenye flashi: split, dd au 7z?

Fundi_Mwaloni
Wakuu, salaam toka Kirumba, Mwanza. Nina video ya harusi, faili moja la mkv, GB 11. Wenye harusi wako Nansio, kisiwani Ukerewe, na jirani anapanda meli kesho asubuhi, ananibebea kwenye flashi yake. Kila nikikopi, ikifika GB 4 inagoma. Mimi natumia Linux, wao Windows. Nishike ipi?

Kijana_wa_Bwiru
Flashi imefomatiwa FAT32 hiyo, mpangilio wa zamani, haipokei faili la GB 4 kwenda juu. Ifomati upya kwa exFAT inayopokea makubwa, umemaliza.

Fundi_Mwaloni
Mkuu, nusu ya flashi ni nyimbo za kwaya. Nikiifomati Jumapili sina pa kukaa.

Binti_Terminali
Pole 😂 Tumia split, amri ya kukata mafaili iliyomo tayari kwenye Linux, hata hutahitaji kusakinisha kitu:

`split -b 500M harusi.mkv kp-`

Utapata kp-aa, kp-ab, hadi kp-au, vipande 21. Usisahau -b, maana bila hiyo split inahesabu mistari elfu moja moja, na video haina mistari ya maana, utazaa utitiri wa vifaili. Badala ya `kp-` unaweza kuandika njia ya flashi moja kwa moja, usijaze diski yako mara mbili.

Kijana_wa_Bwiru
dd nayo inakata, ile amri ya kunakili baiti.

Sato_Choma
Inakata, ila hesabu juu yako. Kipande cha kwanza `bs=1M count=500`, yaani MB 500, cha pili unaongeza `skip=500` iruke ya kwanza, cha tatu `skip=1000`, na kuendelea. Mwaka jana nilisahau kubadilisha skip usiku umeme ukikatikakatika, nikamkabidhi mteja vipande viwili pacha. Video iliruka keki nzima. Ukigeuza if (faili la kusoma) na of (la kuandika) ndiyo usiseme, unaweza kufuta ulichotaka kukata. Mimi dd naitumia pale tu ninapotaka kuchomoa kipande kimoja katikati ya faili.

Fundi_Mwaloni
Na 7z je?

Mzee_Nyegezi
Hiyo ni amri ya programu ya 7-Zip ya kubana mafaili, nzuri kama anayepokea si mtu wa amri. `7z a -mx=0 -v500m harusi.7z harusi.mkv`. Hiyo mx=0 ni kuiambia isibane, maana video imeshabanwa tayari, utachemsha mashine bure. Kule wanabofya .001 tu, inajiunga. Lakini lazima wawe na 7-Zip.

Fundi_Mwaloni
Shikamoo mzee. Hawana, na bando la kuipakua ni kesi nyingine.

Mzee_Nyegezi
Marahaba. Basi split. Wakopi vipande vyote kwanza kwenye folda ya C:, halafu kwenye Command Prompt:

`copy /b kp-* harusi.mkv`

Hiyo /b ndiyo roho ya kazi. Bila hiyo Windows inaunga kama maandishi, ikikutana na baiti 1A, alama ya zamani ya mwisho wa maandishi, inadhani kipande kimeisha. Na wasiunge juu ya flashi: FAT32 haitalipokea faili zima, tena huorodhesha kwa mpangilio wa kuandikwa, si wa herufi.

Binti_Terminali
Ongeza `sha256sum kp-* > alama.txt`, inatoa alama ya kila kipande, kikiharibika hata kidogo alama inabadilika; uiweke humo humo. Kule: `for %f in (kp-*) do certutil -hashfile %f SHA256`, walinganishe.

Fundi_Mwaloni
Mrejesho wakuu. Flashi imefika, vipande 20 safi, kp-am ikatofautiana alama. Jirani alichomoa flashi nyumbani kwangu kabla sijai-eject, meli ilikuwa inapiga honi. Nimewatumia hicho kimoja kwa bando la usiku, MB 500 badala ya GB 11. Wameunga, alama ya faili zima ni ile ile. Sasa bibi harusi anauliza kwa nini mjomba wake haonekani, na hilo split haihusiki, nilimkata mwenyewe nikiwa nahariri.