Tupeane uzoefu: umefahamianaje na mwandishi wa habari kupitia mitandao ya kijamii?

Wakuu, habari za muda huu.

Nashughulikia mawasiliano kwenye kikundi cha wafugaji nyuki mkoani Tabora. Pesa ya matangazo hatuna, na vyumba vya habari vikubwa viko Dar. Waandishi karibu wote tunaofahamiana nao leo tuliwapata Instagram na X, na wanaotupigia simu ni wale tuliowasaidia kwenye stori zao wakati sisi hatuna shida nao yoyote.

Kuna dada mmoja wa habari za biashara aliposti bei ya asali akachanganya asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo wasiouma. Sikumsahihisha kwenye komenti, mbele za watu. Nilimfuata inboksi: "Dada, pole na kazi. Asali ya nyuki wadogo bei yake iko juu kwa sababu mzinga mmoja hutoa kidogo sana. Ukitaka kuongea na mfugaji, namba ninayo na mwenyewe ameridhia." Alirekebisha siku ileile. Baadaye alipoandika kuhusu misitu ya miombo, simu ya kwanza alitupigia sisi.

Nyie mlianzaje? Na tangu X ifungwe hapa nchini Mei 2025, semeni pia mmehamia wapi.

Mkulima, Njombe

Mimi naposti shamba langu tu, parachichi aina ya Hass. Posti iliyonikutanisha na mwandishi ilikuwa picha ya tunda lililochumwa changa. Nililiacha dirishani, badala ya kulainika likasinyaa, ngozi ikajikunja na ndani likabaki gumu kama mpira. Chini yake nikaeleza kwa nini wanunuzi wa nje hupima kwanza kama tunda limekomaa ndipo waruhusu lichumwe.

Novemba 2022 Tanzania ilisaini makubaliano ya kuuza parachichi China. Mwandishi aliyekuwa ananifuata kimyakimya akanitafuta. Mtandaoni kila mtu alikuwa anashangilia, yeye alitaka mtu wa kumwambia kama mkulima wa ekari mbili ataweza kufikia masharti ya soko lile. Nilimwambia yote, hata yasiyopendeza: kwamba wapo madalali wanaowashawishi wakulima wachume mapema, na tunda likifika limesinyaa tunachafuka sote. Tangu hapo, akikutana na jambo la kilimo lisiloeleweka, ananitumia voisi WhatsApp. Mara nyingi jina langu halitokei gazetini. Sijali, maana habari inatoka ikiwa sahihi, na hilo kwa wakulima lina faida kuliko sura yangu.

Mwalimu, Mombasa

Hamjambo wenzangu. Kwangu ilikuwa Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha. Nilikaa na ile nakala nikawa naeleza vifungu kwa Kiswahili kwenye X: VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Kila posti niliambatanisha picha ya kifungu chenyewe na kukizungushia wino. Mtayarishaji wa kipindi cha redio hapa Pwani alinialika studioni kwa sababu hiyo. Aliniambia maoni alikuwa nayo tele, alichokosa ni mtu anayeonyesha ameyatoa wapi maneno yake.

Muuguzi, London

Huku waandishi huweka maombi yao X kwa #JournoRequest: wanatafuta mtu wa aina gani na mwisho ni saa ngapi. Jibu kwa sentensi chache, sema wewe ni nani na unapatikana lini. Ukichelewa, nafasi imepata mtu.

Mwandishi, Kanda ya Ziwa

Niseme kwa upande wetu. Mimi ni korespondenti, nalipwa kwa stori iliyotoka. Kwa hiyo mtu anayenitag kwenye kila bango la semina ananipotezea muda, na anayeniingiza kwenye grupu la WhatsApp bila kuniuliza naondoka saa hiyohiyo. Mtu ninayemtunza kwenye simu ni anayejibu kabla kurasa hazijafungwa. Nipe jina kamili na cheo, picha ambayo mwenye sura ameiridhia, na kama jambo hulijui niambie hulijui, unielekeze kwa anayelijua. Hapo nitakutafuta tena.

Jambo jingine: usiombe kusoma stori kabla haijatoka. Kama una wasiwasi na takwimu, sema "nisomee hapo kwenye namba", nitakusomea. Na kama hutaki kunukuliwa, tamka kabla hujaanza kuongea. Ukishamaliza ndipo useme "hiyo usiandike", umeniweka pagumu.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, na bahasha je? Kuna watu wanasema bila mshiko hata ukifahamiana naye mtandaoni hatokei.

Mwandishi, Kanda ya Ziwa

Wapo wanaodai, na wanatuharibia kazi. Kama kijiji kiko mbali na gazeti halina usafiri, liongelee wazi na mhariri: gari lenu litakwenda, nitapanda, na ikibidi itaandikwa kwenye stori kwamba nilisafiri nanyi. Pesa ya mkononi usinipe. Siku nyuki wenu wakifa kwa dawa za kunyunyizia mashamba, mtataka niandike na msomaji aniamini.